Ukimya Si Jibu: Namna Mifumo ya Kompyuta Inavyopokezana Majibu ya Vipimo

Utangulizi

Majibu ya kipimo hayana faida kwa mgonjwa mpaka yamfikie mtu mwenye uwezo wa kuyafanyia kazi. Kwa miaka mingi majibu hayo yalisafiri kwa karatasi: yaliandikwa maabara, yakabebwa na mhudumu, yakawekwa katika jalada la mgonjwa. Karatasi ilipopotea, alikuwapo mtu wa kuulizwa. Leo, katika vituo vingi, majibu hupelekwa na mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mfumo mwingine kupitia mtandao, na hakuna anayeyabeba mkononi. Kwa sababu hiyo swali la zamani, "Nani ameyapokea?", linahitaji jibu jipya.

Programu inayopokea maombi kutoka kwa programu nyingine kupitia mtandao na kuyajibu huitwa huduma ya wavuti. Makala haya yanaeleza namna mazungumzo ya huduma hizo yanavyowekwa katika maandishi rasmi kabla hayajaanza, na kwa nini maandishi hayo ni suala la usalama wa mgonjwa, wala si la mafundi wa kompyuta peke yao.

Mtoto wa wiki sita

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hatua zake zinajulikana kwa kila mtoa huduma wa kliniki ya mama na mtoto. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU) anampeleka mtoto wake wa wiki sita katika zahanati moja ya kata ya Ipuli, Manispaa ya Tabora. Kipimo cha haraka cha kingamwili hakiwezi kuthibitisha maambukizi kwa mtoto wa umri huo, kwa kuwa kingamwili za mama huweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Hivyo muuguzi anamchoma mtoto kisiginoni, anadondosha matone ya damu kwenye karatasi maalumu, anayaacha yakauke, kisha sampuli inasafirishwa hadi maabara yenye mashine ya kutambua vinasaba vya virusi.

Maabara inapima. Majibu yanaonesha kuwa mtoto ana maambukizi. Mtaalamu anayahakiki na kuyaidhinisha, na mfumo wa maabara unayatuma kwenye mfumo wa kituo. Katika sekunde hiyohiyo mtandao unakatika. Skrini ya maabara inaandika "Imetumwa". Skrini ya zahanati haioneshi kitu chochote. Mama anaporudi anaambiwa majibu bado hayajatoka, na baada ya wiki mbili anaambiwa vivyo hivyo.

Hapa hakuna aliyesema uongo. Maabara inaamini imemaliza kazi yake, na zahanati inaamini maabara haijamaliza. Kati ya watoto wanaopata VVU kutoka kwa mama zao na kukosa matibabu, takriban nusu hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na vifo vingi hutokea katika miezi ya mwanzo. Wiki zinazopita katika ukimya huo ni wiki ambazo mtoto angekuwa ameanza kutumia dawa za kufubaza virusi.

Mfuko wa barua uliokwama Unyanyembe

Mji wa Tabora ulilijua tatizo hili kabla ya umeme na reli. Unyanyembe, nchi ambayo ndani yake mji huu ulikua, ilikuwa kituo kikuu katika njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua ulitiwa alama Zanzibar ili upelekwe kwa David Livingstone, aliyekuwa bara, upande wa Ziwa Tanganyika. Msafara uliobeba mfuko huo pamoja na shehena ya vifaa ulikaa Bagamoyo kwa miezi kadhaa. Ulipofika Unyanyembe mwaka 1871 ulikwama, kwani mwaka huo vita kati ya Waarabu wa Unyanyembe na Mtemi Mirambo viliifunga njia ya Ujiji. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliukuta mfuko huo Kwihara, nje kidogo ya mji wa leo wa Tabora, akauchukua. Livingstone aliupokea mwishoni mwa mwaka 1871, takriban mwaka mmoja baada ya kuwekewa alama.

Aliyetuma alijua kwamba ametuma. Aliyetumiwa hakujua kwamba kuna kitu cha kusubiri. Mfuko wenyewe haukupotea, ulikuwa salama katikati ya njia. Kilichokosekana ni taarifa ya kurudi nyuma kumwambia mtumaji kuwa barua hazijafika. Majibu ya mtoto wa Ipuli yako katika hali hiyohiyo, tofauti ikiwa tu kwamba sasa mfuko ni seva.

Maelezo rasmi ni nini?

Binadamu wawili wanaozungumza kwa simu husaidiwa na akili zao. Sauti ikikatika, mmoja husema "Haloo, unanisikia?" Asipoelewa, huuliza tena. Kompyuta haina busara ya namna hiyo isipokuwa imeandikiwa. Ndiyo maana mazungumzo kati ya huduma mbili za wavuti hutanguliwa na maandishi yanayoeleza, bila kuacha nafasi ya kubahatisha, mambo matano:

1. Nani anaruhusiwa kutuma ujumbe, na nani anaupokea.
2. Ujumbe una sehemu zipi, na kila sehemu inaandikwaje.
3. Ujumbe upi unatangulia na upi unafuata.
4. Jibu gani linatarajiwa, na ndani ya muda gani.
5. Kifanyike nini jibu lisipokuja, au likija na hitilafu.

Maandishi hayo huitwa rasmi kwa sababu yameandikwa katika lugha ambayo mashine inaweza kuisoma na kuikagua, mfano wa sarufi inayokataa sentensi isiyokamilika. Lugha mojawapo ya aina hiyo ni ile ya kueleza huduma za wavuti ijulikanayo kwa kifupi kama WSDL, ambayo toleo lake la 2.0 lilipitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2007. Katika sekta ya afya, shirika la HL7, lililoanzishwa mwaka 1987, hutoa viwango vya jumbe za kitabibu. Kiwango chake cha karibuni kinachotumika sana ni FHIR, ambacho toleo lake la nne lilitolewa mwishoni mwa mwaka 2018.

Nchini Tanzania haja ya makubaliano ya namna hii imekua pamoja na mifumo yenyewe. Vitabu vya MTUHA vilikusanya takwimu kwa mkono. Mwaka 2013 mfumo wa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ulikuwa umesambazwa nchi nzima kwa ajili ya takwimu za jumla. Vituo vya serikali za mitaa vikapata mfumo wa GoTHOMIS kwa ajili ya uendeshaji wa huduma, na maabara zikawa na mifumo yake. Kila mfumo ulijengwa kwa kazi yake. Mkakati wa Afya ya Kidijitali wa miaka ya 2019 hadi 2024 uliiweka kazi ya kuiwezesha mifumo kubadilishana taarifa miongoni mwa mambo ya kutekelezwa.

Mitindo mitatu ya kutuma

Jambo la nne na la tano katika orodha iliyotajwa ndiyo yanayosahaulika mara nyingi. WSDL 2.0 inataja mitindo ya kupokezana jumbe, na mitatu inatosha kueleza tatizo la Ipuli.

Mtindo wa kwanza ni wa kutuma bila kusubiri. Mtumaji anautoa ujumbe na kuendelea na shughuli nyingine, na mpokeaji hadaiwi neno lolote. Unafaa kwa taarifa ambayo ikipotea haimdhuru mtu, kwa mfano kipimajoto cha jokofu la chanjo kinachotuma kiwango cha joto kila dakika. Kipimo kimoja kikipotea, kingine kinakuja.

Mtindo wa pili ni wa kujibu pale tu panapotokea hitilafu. Ujumbe ukipokelewa vizuri, mpokeaji hunyamaza, na ukiwa na kasoro, hurudisha taarifa ya kasoro. Kwa mtazamo wa kwanza mtindo huu unaonekana kuwa wa busara, lakini una mtego. Ndani yake ukimya unasomeka kuwa mambo ni salama, ilhali ukimya huohuo hutokea pia mtandao unapokatika au umeme unapozimika. Mpokeaji aliyezimika hawezi kutuma taarifa kwamba amezimika.

Mtindo wa tatu ni wa ombi na jibu. Kila ujumbe unadai jibu, ama la kukubali ama la kukataa. Jibu lisipofika ndani ya muda uliowekwa, mtumaji analazimika kuutuma tena, na baada ya majaribio kadhaa kumwita binadamu. Majibu ya mtoto wa wiki sita hayastahili mtindo mwingine usiokuwa huu.

Kufika, kukubaliwa na kusomwa

Hata katika mtindo wa tatu ni lazima kuuliza jibu lililorudi lina maana gani. Viwango vya HL7 toleo la pili hutofautisha kukiri kwa aina mbili. Kwa kukiri kwa kwanza, mfumo unaopokea unasema umeupata ujumbe na kuuhifadhi. Kwa kukiri kwa pili, programu inayohusika inasema imeuchambua ujumbe na kuukubali, au imekuta kosa, au imeukataa. Jibu la kukubaliwa huandikwa AA, la kosa AE, na la kukataliwa AR.

Tofauti hiyo ina uzito. Ujumbe wenye majibu ya mtoto unaweza kuhifadhiwa na seva ya kituo, kisha ukakataliwa kwa kuwa namba ya mtoto haimo katika rejesta. Mfumo wa maabara ukiridhika na kukiri kwa kwanza, majibu yatabaki kwenye seva kama mfuko ule ulivyobaki Unyanyembe.

Ipo pia hatua ambayo mashine haiwezi kuikiri, nayo ni ya mtoa huduma kuyasoma majibu na kumtafuta mama. Maelezo kamili ya mazungumzo hayapaswi kuishia kwenye seva. Yanapaswa kueleza kwamba majibu ya dharura yasiyofunguliwa ndani ya muda uliokubaliwa yataamsha taarifa kwa mganga mfawidhi, na maabara itapiga simu.

Tarakimu moja, maana mbili

Jambo la pili katika orodha, yaani sehemu za ujumbe na namna zinavyoandikwa, huonekana kuwa la kiufundi mno mpaka linapogusa damu ya mgonjwa. Ujumbe unaosema "sukari: 20" una maana mbili zinazopingana. Ikiwa kipimo ni milimoli kwa lita, sukari imepanda kupita kiasi, sawa na miligramu 360 kwa desilita. Ikiwa kipimo ni miligramu kwa desilita, sukari imeshuka kiasi cha kutishia uhai. Wa kwanza huenda akahitaji insulini, na wa pili anahitaji glukosi bila kuchelewa. Akipewa tiba ya mwenzake, anaweza kufa.

Kwa hiyo kiwango kizuri hakiruhusu tarakimu kusafiri peke yake. Katika jumbe za majibu za HL7 jina la kipimo, thamani, kizio cha kipimo na hali ya majibu vina nafasi zake mahususi. Hali ya majibu hueleza kama ni ya awali, ya mwisho, au yamesahihishwa baada ya kutolewa. Jina la kipimo huweza kuandikwa kwa msimbo wa LOINC, orodha iliyoanzishwa mwaka 1994 katika Taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis, Marekani, ili kipimo kilekile kisiitwe majina manne katika maabara nne. Maelezo rasmi yakisema kwamba kizio ni cha lazima, ujumbe usio na kizio hukataliwa mlangoni kabla haujamfikia daktari.

Kulwa yupi?

Katika Unyamwezi na Usukuma watoto mapacha huitwa Kulwa na Doto. Siku yoyote ya kliniki wanaweza kuwapo Kulwa watatu, na wawili kati yao wakawa na jina moja la baba. Jina lilelile huandikwa na mmoja kwa "l" na na mwingine kwa "r". Muuguzi anayewafahamu akina mama kwa sura hawezi kuchanganyikiwa, lakini mashine haioni sura.

Maelezo rasmi hutaja kitambulisho kipi kinatumika na nini kifanyike kisipolingana. Ujumbe wenye namba ya mtoto isiyojulikana haupaswi kuwekwa kwa Kulwa anayekaribiana zaidi. Unapaswa kurudishwa kwa mtumaji ukiwa na sababu iliyoandikwa. Kukataliwa kwa ujumbe si aibu ya mfumo. Hatari kubwa zaidi ni mfumo unaokubali kila kitu.

Ujumbe uliorudiwa

Utumaji wa marudio unaleta tatizo lake. Huenda ujumbe wa kwanza ulifika, ila kukiri kwake ndiko kulikopotea njiani. Mtumaji asiyejua anatuma tena, na mpokeaji sasa ana jumbe mbili. Yakiwa ni majibu, rejesta inaonesha vipimo viwili ambapo kilifanyika kimoja. Ikiwa ni oda ya dawa, mgonjwa anaweza kuandaliwa dozi mbili.

Dawa yake ni namba ya pekee kwa kila ujumbe. Mpokeaji anapoona namba aliyokwisha kuipokea, anakiri tena bila kurudia kazi. Kanuni hii huandikwa katika maelezo rasmi, na humpa mtumaji uhuru wa kutuma tena bila hofu kila mtandao unapokatika.

Pande zaidi ya mbili

Safari ya sampuli ya Ipuli haina pande mbili tu. Ina zahanati, msafirishaji, maabara, mfumo wa kituo, na simu ya mama. Kila jozi inaweza kuwa na makubaliano yake mazuri, na bado safari nzima ikashindikana. Zahanati inaweza kusubiri majibu ya sampuli ambayo msafirishaji hajaifikisha, huku maabara ikiwa haijui kuwa sampuli hiyo ipo.

Kwa ajili ya hali hiyo wataalamu hueleza mpangilio wa jumla wa wahusika wote, kama mtu anayeandika hatua za ngoma yenye wachezaji wengi. W3C ilitoa pendekezo la lugha ya mpangilio huo mwaka 2005. Lugha hiyo ilichota mawazo kutoka katika hisabati ya michakato inayowasiliana, ambayo mwanasayansi wa Uingereza Robin Milner na wenzake waliiendeleza. Faida ya hisabati ni kwamba mpangilio unaweza kukaguliwa kabla ya kutumika, ili kuona kama ipo hali ambamo pande mbili zinasubiriana milele. Zahanati inayosubiri maabara na maabara inayoamini imemaliza ni hali ya namna hiyo, na inaweza kugunduliwa mezani kabla ya mtoto yeyote kuchomwa kisiginoni.

Siri ya mgonjwa

Maelezo rasmi hutaja pia kile ambacho ujumbe haupaswi kubeba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa binafsi nyeti. Ujumbe mfupi unaomwita mama kliniki hauna haja ya kutaja kipimo wala majibu yake. Simu katika nyumba nyingi hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na maneno "Tafadhali fika kliniki na kadi ya mtoto" yanatosha.

Mambo ya kuzingatia

Kwa watoa huduma:
- Tunzeni orodha ya sampuli zilizotoka kituoni na tarehe zake, na muikague kila wiki. Orodha hiyo ndiyo inayogeuza ukimya kuwa swali.
- Neno "Imetumwa" kwenye skrini lisihesabiwe kuwa "Imepokelewa". Waulizeni wataalamu wa TEHAMA kila neno la mfumo lina maana gani.
- Majibu yasiyo na kizio, au yenye namba isiyolingana na ya mgonjwa, yathibitishwe na maabara kabla ya tiba.
- Mfumo mpya unapoletwa kituoni, ulizeni: jibu lisipokuja, nani ataarifiwa, na baada ya muda gani?

Kwa wagonjwa na wazazi:
- Ulizeni majibu yanatarajiwa lini, na mrudi siku hiyo hata kama hamjapigiwa simu.
- Tunzeni kadi ya kliniki, kwani namba iliyomo ndiyo inayoyaongoza majibu kwa mwenyewe.
- Mkibadilisha namba ya simu, wajulisheni watoa huduma.
- Mkiambiwa "majibu bado", mnayo haki ya kuuliza kama sampuli ilifika maabara.

Hitimisho

Waya na kompyuta zimeifupisha njia kati ya maabara na zahanati kutoka siku nyingi hadi sekunde chache. Hazikuondoa wajibu wa kukubaliana mapema nani anamjibu nani, kwa maneno gani, na kabla ya saa ngapi. Makubaliano hayo yakiandikwa vizuri, mtandao ukikatika Ipuli mfumo wa maabara utagundua kwamba haukujibiwa, utatuma tena, na ukishindwa utamwita mtu. Mama atakaporudi na mtoto wake, muuguzi atakuwa na majibu mkononi, na dawa zitaanza siku hiyohiyo.